Mlango upi, karatasi ipi: kumwelekeza mtu kwenye msaada hapa Busia, Uganda

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wenyeviti wa vijiji na makatibu wenu, masheikh, mapadri na wachungaji, kina mama na kina baba wa VHT (wahudumu wa afya wa kijiji), wazee wetu, na vijana wa stendi ya boda mliokubali kuzima pikipiki kwa saa moja, tunawasalimu.

Tumeombwa kusema nanyi juu ya mahali pa kupata msaada wa jamii, na tumewachagua ninyi kwa sababu ninyi ndio mnaogongewa mlango kwanza. Mama akipigwa usiku, mtoto akiokotwa sokoni, mzee akikosa jina lake kwenye orodha ya SAGE, ile pesa ya serikali kwa wazee, hakuna anayewaza wizara. Wanakuja kwenu. Basi leo tutasema kila ofisi inafanya nini, inataka karatasi gani, na mambo hukwama wapi. Mtu wa Majanji kule ziwani akitumwa kwenye ofisi isiyo yake amepoteza siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi. Akipotezwa mara ya pili, ya tatu haji.

Tuanze na neno kaunti, maana hapa mpakani linatuchanganya kila siku. Ng'ambo ya geti, Busia ni kaunti, moja ya zile 47 zilizotokana na Katiba ya Kenya ya 2010. Ina gavana, ina bajeti, ina hospitali zake. Redio zao tunazisikia hadi jikoni. Mtu wa kwetu akisikia tangazo la "nenda kaunti upate huduma", anafunga safari kuitafuta kaunti. Kwetu Uganda kaunti, ile tuliyozoea kuiita saza, haina hazina na haina dawati la kuhudumia mwananchi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ilizipa hadhi ya serikali wilaya na gombolola (sub-county), pamoja na manispaa, divisheni zake na miji midogo. Saza, muluka (parish) na kijiji ni vitengo vya utawala tu. Kwenye saza mtakuta mambo mawili ya maana: mbunge, na kituo cha afya IV. Mengine yote yapo juu yake au chini yake.

Kwa hiyo ngazi ya kupandia ni hii: kijiji, muluka, gombolola, wilaya. Walio ndani ya manispaa wasome seli, wadi, divisheni, manispaa. Kwa mambo mengi ofisi ya kushika ni gombolola, na mtu wa kumwulizia pale ni afisa wa maendeleo ya jamii, CDO. Huyo ndiye anayeshughulikia vikundi, wazee, wenye ulemavu, wanawake, vijana na ugomvi wa nyumbani unaohitaji ushauri. Mkimkosa mezani, ulizeni siku yake ya kukaa ofisini. CDO mmoja ana miluka mingi na siku nyingi yuko barabarani, kwa hiyo mpigieni simu kabla ya kumtuma mzee wa miaka themanini kwa boda.

Sasa barua ya LC1, yaani ya baraza la kijiji. Tutakaa hapa kidogo, maana ndiyo karatasi ya kwanza na ndiyo inayoharibika zaidi.

Barua nzuri inatosha ukurasa mmoja. Juu ina tarehe, kisha kijiji, muluka, gombolola na wilaya. Inataja ofisi inayopelekewa, kwa mfano "Kwa Afisa wa Ustawi wa Jamii, Wilaya ya Busia". Barua ya "kwa yeyote anayehusika" kila afisa humsukumia mwenzake, kwa kuwa yeyote si mtu. Halafu jina la mwenye shida, kama lilivyo kwenye kitambulisho, kwa mpangilio uleule. Tunamjua mtu kwa jina la Mama Fulani, au kwa jina la utani la sokoni, na mwenyekiti analiandika hilohilo. Ofisini halimpati mtu. Kisha namba ya kitambulisho, muda aliokaa kijijini, na shida yenyewe kwa sentensi mbili tatu. Mwisho jina la mwenyekiti, simu yake, sahihi na muhuri. Muhuri upigwe juu ya sahihi. Ukipigwa juu ya namba ya kitambulisho, ule wino wa zambarau unazifunika tarakimu mbili na mtu anarudishwa nyumbani kwa ajili ya tarakimu hizo mbili. Piga picha ya barua kwa simu kabla haijaondoka.

Usimwandikie mtu asiye wa kijiji chako, hata akiwa shemeji. Afisa akipiga simu kwa mwenyekiti wa kijiji chake halisi na huyo akasema hamjui, shauri zima linaonekana la uongo.

Kuhusu pesa ya muhuri, tuseme wazi. Mwenyekiti wa LC1 anapata shilingi 120,000 kwa mwaka, yaani 10,000 kwa mwezi, na kalamu ananunua mwenyewe. Ndiyo maana ile ada ndogo ya muhuri imezoeleka. Maoni yetu ni kwamba kiwango kisemwe kwenye mkutano wa kijiji mbele ya watu wote, kiwe kimoja kwa tajiri na maskini, na aliyepigwa, aliyebakwa, mtoto aliyetupwa na mgonjwa asitozwe hata shilingi. Mtu aliyekuja na damu usoni usimwambie habari ya elfu tano.

Wengine huuliza kama barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya 2005. Lakini ofisini mafaili ni ya Kiingereza, na barua ya Kiingereza itasomwa siku hiyohiyo. Katibu akiweza aiandike hivyo. Asipoweza, aandike Kiswahili safi na barua iende. Barua isiyoandikwa ndiyo mbaya.

Karatasi ya pili ni kitambulisho cha taifa, ndaga muntu, kutoka NIRA, mamlaka ya usajili wa watu. Jifunzeni kuisoma namba yake, itawasaidia kuliko mnavyodhani. Ina herufi na tarakimu 14. Ya mwananchi huanza na CM akiwa mwanamume na CF akiwa mwanamke, halafu tarakimu mbili za mwaka wa kuzaliwa. CF44 ni mwanamke aliyeandikwa kuzaliwa 1944. Kwa hiyo bibi akikuletea kadi na kusema ana miaka tisini, nawe ukaona CF58, umeshajua shida iko wapi kabla hajakaa kitini. Angalieni pia herufi O na sifuri, maana wanaonakili kwa mkono huzichanganya na mfumo unaikataa namba.

Kadi ikiisha muda, namba haifi. Ni ileile maisha yote. Mtu asikae nyumbani akidhani hana haki kwa sababu tarehe ya kadi imepita. Kadi ikipotea, kwanza polisi atoe taarifa ya upotevu, kisha NIRA, na kadi mpya ina ada yake. Kuandikishwa mara ya kwanza ni bure. Malipo yoyote ya serikali hupitia namba ya malipo, PRN, inayolipwa benki au kwa simu. Akitokea mtu anayetaka umpe mkononi "akulipie", hiyo si ada.

Tuje kwa wazee. SAGE inatoa shilingi 25,000 kwa mwezi kwa aliyetimiza miaka 80, na hulipwa kwa mkupuo wa miezi kadhaa kupitia PostBank, ambayo sasa inaitwa Pearl Bank. Ng'ambo kuna Inua Jamii ya miaka 70, shilingi 2,000 za Kenya, na ndiyo maana wazee wetu wanauliza kwa nini wenzao wa upande ule wanaanza mapema. Ni nchi mbili na sheria mbili. Msimshauri mzee aandikishe kotekote. Siku vitambulisho viwili vikijulikana anaweza kukosa huku na kule.

Majina ya SAGE yanatokana na umri ulio kwenye kumbukumbu za NIRA. Mwenyekiti hana uwezo wa kuongeza jina, na CDO pia hana uwezo wa kuongeza miaka. Hapo ndipo wazee wengi wameumia. Wakati wa kuandikisha, mzee asiyejua mwaka wake aliulizwa, akakisia, au mjukuu akamkisia, na kisio hilo likawa sheria. Kumsahihishia, mnampeleka NIRA na ushahidi. Cheti cha ubatizo ndicho kinachobeba uzito, maana parokia za zamani zilitunza vitabu. Paroko anaweza kutoa nakala. Kwa Waislamu wengi hakuna kitabu kama hicho, kwa hiyo tafuteni vingine: tikiti za kodi ya kichwa za zamani, kadi ya kupigia kura ya zamani, hati ya kazi, au umri wa mtoto wake wa kwanza mwenye cheti. Mama aliyeandikwa kuzaliwa 1958 huku kifungua mimba wake kazaliwa 1964 hahitaji maelezo marefu. Ongezeni kiapo mbele ya kamishna wa viapo na barua ya LC1. Kazi hii inachukua miezi. Anzeni mzee akiwa na 78, msisubiri afike 80.

Mzee asiyeweza kutembea anaruhusiwa kuwa na mtu wa kumpokelea. Mtu huyo asajiliwe kwa CDO mapema akiwa na kitambulisho chake mwenyewe. Mkileta mjukuu siku ya malipo bila kusajiliwa, atarudi mikono mitupu hata akiwa amembeba bibi mgongoni. Na mzee akifariki, toeni taarifa. Kuendelea kuchukua pesa ya marehemu ni wizi, nao hujulikana.

Walio kati ya 60 na 79 SAGE hawaipati. Wao wana ruzuku ya vikundi vya wazee, na wenye ulemavu wana ruzuku yao maalumu, hadi milioni 5 kwa kikundi. Zote mlango ni CDO. Ni za kikundi chenye shughuli, kwa hiyo mtu mmoja akienda peke yake atarudishwa.

PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya muluka, mnaijua, imezungumzwa kila mahali tangu izinduliwe Kibuku Februari 2022, kwa hiyo tutataja yanayokwamisha tu. Muluka unapewa milioni 100 kwa mwaka, na kaya inakopa milioni moja. Tunasema inakopa. Riba ni asilimia 6 kwa mwaka. Kwa miaka miwili hiyo ni 120,000 juu ya milioni. Wapo wanaoichukua kama zawadi ya uchaguzi, na watakaokosa baadaye ni majirani zao, kwa sababu pesa ile ni ya SACCO ya muluka na inatakiwa izunguke. Ili uipate uwe kwenye kikundi cha shughuli moja, kuku au mihogo au samaki, kikundi kiwe mwanachama wa SACCO, na kaya yako iwe imesajiliwa na mkuu wa muluka. Pesa inaingia kwenye simu kwa Wendi, pochi ya pesa ya simu. Hapo ndipo hukwama: laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mume, au la kijana aliyeiuza kibandani, na mfumo unaona namba ya mtu mmoja na laini ya mwingine. Mama aende kwa kampuni ya simu, asajili laini yake kwa kitambulisho chake, kabla ya kikao cha kuchagua majina. Fomu hazilipiwi. Na asimpe mtu namba yake ya siri "amsaidie kutoa".

Afya. Kijijini mna VHT, na kila mmoja amepangiwa kaya kama 25 hadi 30. Juu yake kuna kituo II kwa matibabu ya kawaida ya mchana, III chenye wodi ya wazazi na maabara, IV chenye daktari na chumba cha upasuaji, kisha hospitali. Hapa kwetu ni Masafu. Dabani ni ya Kanisa Katoliki, inatibu vizuri, lakini mtu ajue mapema kwamba pale anachangia gharama. Katika vituo vya serikali ada ziliondolewa mwaka 2001. Dawa za serikali zimeandikwa kwamba haziuzwi. Mkiziona kwenye duka la dawa, mmeona wizi.

Lakini mtu akija akasema "nimeambiwa dawa hakuna", msidhani kila mara ameibiwa. Ghala la taifa la dawa hupeleka shehena kila baada ya miezi miwili, na vituo II na III hupokea boksi lililopangwa tayari, lenye kiasi kilekile, mvua inyeshe isinyeshe. Malaria ikipanda, dawa inaisha wiki ya tano na wiki tatu zinabaki kavu. VHT anayejua shehena iliingia lini anaweza kumwambia mgonjwa wa ugonjwa wa muda mrefu aende wiki ya kwanza. Dawa za kifua kikuu na za kufubaza VVU zina mpango wake tofauti, ni bure, na haifai mtu aache kumeza kwa sababu Panadol imekwisha. Mwenye malalamiko apige 0800 100 066, simu ya bure ya Wizara ya Afya.

Mjamzito apangwe kuanzia mwezi wa saba: atajifungulia wapi, boda ya nani, namba ya nani, na nani ana damu ya kufanana naye. Aliyewahi kupasuliwa asianzie II. Aende moja kwa moja kituo IV au Masafu, kwa sababu II na III hawana chumba cha upasuaji, na saa mbili za kuhamishwa usiku ndizo zinazoua.

Hapa naomba tusikilizane vizuri, maana ni suala la mtoto na mwanamke aliyedhulumiwa.

Kwanza, jueni kwamba katika kila LC1 makamu mwenyekiti ndiye katibu wa mambo ya watoto. Sheria ya Watoto inasema hivyo, na wengi wa makamu hawajawahi kuambiwa. Wewe uliye makamu, mtoto akitelekezwa, akinyimwa chakula, akitolewa shule kwenda kuuza machungwa getini, ni faili lako. Andika, nenda kwa wazazi, na ikishindikana pandisha kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya. Mtoto aliyeokotwa apelekwe polisi, dawati la mtoto na familia, na afisa huyo ajulishwe siku hiyohiyo. Msimgawe kwa jirani mwenye huruma, hata awe mtu wa swala tano. Mtoto anayelala kwa mtu bila karatasi ni rahisi kuvushwa, na sisi tuko hatua mia kutoka mpakani. Kumweka mtoto kwenye nyumba ya malezi au kwa mlezi ni amri ya mahakama ya familia na watoto. Simu ya bure 116, Sauti, inapokea taarifa za watoto usiku na mchana, na anayepiga halazimiki kujitambulisha.

Pili, kubaka na kumwingilia mtoto aliye chini ya miaka 18. Hilo LC haina mamlaka nalo. Hakuna mbuzi, hakuna laki tano, hakuna "tuyamalize kifamilia". Anayekaa kikao cha aina hiyo anafuta ushahidi, na mwenyekiti anaweza kujikuta upande wa washtakiwa. Kinachotakiwa ni haraka. Dawa ya kuzuia VVU inafanya kazi ikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa zaidi. Ya kuzuia mimba ndani ya siku 5. Aende kituo cha afya na polisi siku hiyohiyo, na kama polisi wako mbali, atangulie hospitali. Asioge. Asibadilishe nguo, na akishabadilisha, zile za mwanzo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe ndani ya gazeti. Kaveera, ule mfuko wa plastiki, haifai: unyevunyevu unabaki ndani, nguo inaota ukungu na ushahidi unaoza. Fomu ya polisi ni PF3A, na kwa aliyepigwa ni PF3. Ni bure zote, na mtu abaki na nakala.

Aliyepigwa nyumbani ana Sheria ya Unyanyasaji wa Nyumbani ya 2010. LC inaweza kusikiliza, lakini pakiwa na jeraha, silaha au tishio la kuua, msipatanishe. Polisi 999 au 112, kisha hakimu, ambaye anaweza kutoa amri ya kumzuia mume kukaribia nyumba. Tumezoea kumrudisha mwanamke usiku uleule "wakaongee". Tuache.

Kuhusu kesi za kawaida. Mahakama ya LC1 inasikiliza madeni, mikataba midogo, mifugo iliyokula shamba na uharibifu wa mali, kwa kiwango kisichozidi shilingi milioni 2. Inahitaji watu watano akiwemo mwenyekiti, na angalau wawili wawe wanawake. Hukumu ya wanaume watatu chini ya mwembe inafutwa mara tu mtu akikata rufaa. Rufaa ina siku 14 kwenda muluka, kisha gombolola, kisha hakimu mkuu. Ugomvi wa ardhi hauanzii kijijini, unaanzia muluka. LC1 wengi wanaamua mipaka kila wiki, na kila wiki mahakama zinazitupa hukumu zao. Kijijini mnaweza kusuluhisha na kuandika mapatano. Hukumu muwaachie muluka.

Aliyekamatwa: dhamana ya polisi ni bure, na Katiba inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Aliyefukuzwa kazi bila haki aende kwa afisa wa kazi wa wilaya ndani ya miezi mitatu. Ikipita, itabidi aonyeshe sababu ya haki ya kuchelewa. Wakili wa bure kwa maskini mtampata kupitia FIDA, chama cha wanasheria wanawake, kwa wanawake na watoto, au mradi wa msaada wa sheria wa Chama cha Mawakili. Mkongomani au Msudani Kusini anayetafuta hifadhi, LC hamwezi kumsajili. Ni Ofisi ya Waziri Mkuu, ni bure, na simu ya wakimbizi ni 0800 323232, bure pia.

Msidharau yaliyo mikononi mwetu. Zaka ya msikiti na mfuko wa parokia vinamfikia mtu leo jioni, wakati ruzuku ya serikali inahesabu miezi. Na vikundi vya kuweka na kukopa: lile sanduku la chuma lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, ambao si wa nyumba moja. Ndani yake mna mfuko wa jamii, ile elfu moja ya kila wiki isiyokopwa kwa biashara, ya msiba na ugonjwa tu. Kikundi kikianza kukopesha mfuko huo kwa riba, siku ya jeneza hakuna kitu. Na anayeshika funguo asiwe pia ndiye anayeshika daftari.

Hilo daftari ndilo tunalowaachia. Kila mmoja wenu awe na moja, la kurasa 96 linatosha. Mtu akija, andikeni tarehe, jina la kitambulisho, namba, shida, ofisi mliyomtuma, jina na simu ya afisa aliyempokea, na alichoambiwa. Acheni mstari mmoja wazi wa tarehe ya kurudi. Wiki mbili zikipita bila jibu, mpigieni afisa na mtaje tarehe. Afisa anayesikia "ulimwambia tarehe 4 kwamba faili liko tayari" hajibu kama anavyomjibu mtu asiye na maandishi. Mambo ya ubakaji na ya VVU msiyaandike kwa jina kwenye daftari linalolala mezani. Andikeni namba ya PF3A na tarehe tu. Na nyuma ya jalada nakilini namba hizi: 116, 999, 112, 0800 100 066, 0800 323232, pamoja na ya CDO wenu na ya kituo cha afya mnachotumia.

Walioleta barua za kukaguliwa wazipitishe mbele. Tutaanza na zile za SAGE, kisha maswali, na mama wa VHT wa kule ziwani aliinua mkono zamani, apewe kipaza sauti.